Duka la bangi ya dawa la Wacherokee: uzoefu wangu wa siku nne

Nawapa nyota tano. Ila kama wewe au mwenzako ana green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, usiwashe gari kabla hujamaliza kusoma.

Mwaka 2023 nilitibiwa saratani ya matiti hapa Charlotte, North Carolina. Kemo ilifanya kazi yake, namshukuru Mungu, lakini iliniachia nyayo zinazowaka moto. Mchana navumilia. Usiku shuka likigusa vidole naamka, nakaa kitandani nimekumbatia miguu mpaka alfajiri. Daktari alinipa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, ikawa natembea kazini kama mtu aliyelewa. Nikamuuliza habari ya bangi ya dawa. Akasema hawezi kuniandikia, jimbo letu halina sheria hiyo. Ni kweli: Baraza la Seneti la jimbo lilipitisha muswada mwaka 2022, likaupitisha tena 2023, na mara zote mbili Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura. Wagonjwa tumebaki tunasubiri.

Mgonjwa mwenzangu ndiye aliyeniambia niende Cherokee, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kuelekea milimani. Huko kuna ardhi iitwayo Qualla Boundary, yapata ekari 57,000, ya taifa la Eastern Band of Cherokee Indians, wenyeji wa asili wa Marekani. Hawa ni kizazi cha wale waliobaki wakati ndugu zao walipofukuzwa kwa nguvu kupelekwa Oklahoma ya leo mwaka 1838, na ardhi hiyo ilirudi mikononi mwao kwa kununuliwa, kipande kwa kipande. Leo wana baraza lao, mahakama zao na polisi wao. Baraza hilo liliruhusu bangi ya dawa mwaka 2021, na tarehe 20 Aprili 2024 duka lao, Great Smoky Cannabis Company, likafunguliwa ndani ya lililokuwa jumba la bingo. Wakati huo jimbo zima la North Carolina halikuwa na duka lingine halali la bangi.

Mimi nilienda Juni 2024, wakati wageni tulikuwa tunaingia kwa kadi ya mgonjwa tu. Kadi inatolewa na bodi yao wenyewe ya kudhibiti bangi. Nilituma kitambulisho cha jimbo na karatasi za hospitali, saratani ikiwa moja ya magonjwa yanayokubalika. (Tangu Septemba 2024 mtu yeyote wa miaka 21 anaingia bila kadi, kwa sababu wananchi wao walipiga kura mwaka 2023 na asilimia 70 wakasema ndiyo.)

Kabla ya kuondoka nilimpigia mama Tanga. Nilidhani ataogopa.

"Shikamoo mama. Nakwenda kutafuta dawa ya miguu. Ni bangi."

Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, utavuta?"

"Hapana mama, ni ya kumung'unya kama peremende."

"Basi kapate usingizi. Baba yako alikufa na maumivu yake."

Ukifika mjini unaona vibao vya barabara vimeandikwa mara mbili: Kiingereza, na herufi za Kicherokee alizozikamilisha Sequoyah, Mcherokee mwenyewe, mwaka 1821. Vilinigusa. Watu hawa waliambiwa waondoke, na leo jina la barabara unalisoma kwa lugha yao. Dukani nilikaguliwa kitambulisho mlangoni, nikapokelewa na mama wa makamo aliyenisalimu "Osiyo", salamu ya Kicherokee. Hakuanza na bidhaa. Aliuliza ninaumwa nini, natumia dawa gani nyingine, nimewahi kutumia bangi au la. Nilipotaja miguu alivuta kiti nikae. Kwa miezi kumi na minane nilikuwa nimejieleza kwa watu waliokuwa wakitazama kompyuta, na hapa mtu alinitazama usoni. Alinishauri peremende laini za miligramu tano, nianze na nusu, nisiongeze usiku huohuo. Na akasisitiza nimshirikishe daktari wangu, hasa kwa mtu anayetumia dawa kama warfarini, ile ya kuzuia damu kuganda.

Usiku wa kwanza sikumsikiliza. Nilikula nusu, dakika arobaini zikapita kimya, nikala nzima. Za kula huchukua hata saa mbili kufanya kazi. Zilipokuja zilikuja pamoja: moyo mbio, ulimi mkavu, kuta zinasogea. Mume wangu alikaa nami sakafuni bafuni, ananishika mkono, ananisomea Ayatul Kursi mpaka nikatulia. Usiku wa pili nilikula nusu tu. Moto wa miguu haukuzimika, ila ulikaa mbali, kama redio ya jirani. Nililala saa sita mfululizo. Nilipoamka nililia, kwa sababu nilikuwa nimesahau asubuhi inafananaje kwa mtu aliyelala.

Sasa sikilizeni habari ya mpaka. Tulikodi kibanda cha mbao ndani ya Qualla, mwenye kibanda tukamwambia mapema habari ya bangi, tukakaa siku nne humohumo. Duka linaruhusiwa kukuuzia aunsi nzima (kama gramu 28) ya maua ya bangi kwa siku, lakini ukivuka mpaka unaingia kwenye sheria ya jimbo: hata nusu aunsi ni kosa lenye faini ya hadi dola 200, na zaidi ya hapo ni kosa zito zaidi. Barabara ya Blue Ridge Parkway na Hifadhi ya Great Smoky Mountains ziko mlangoni pa mji, na zote mbili ni ardhi ya serikali ya shirikisho, ambako bangi pia ni marufuku. Mimi ni raia, nitalipa faini. Mume wangu ana green card na maombi yake ya uraia yako mezani. Mwongozo wa USCIS, idara ya uhamiaji na uraia, wa Aprili 2019 unasema wazi kwamba kutumia bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukunyima uraia kwa kigezo cha tabia njema. Shemeji yangu, dereva wa lori, naye alitaka nimletee. Nilimkatalia: kipimo cha dawa za kulevya wanachopimwa madereva hakijali umenunua wapi.

Siku ya kuondoka zilibaki peremende kumi na moja. Tulisimama kituo cha mafuta kabla barabara haijatoka kwenye ardhi yao. Nilikifungua kikopo, kile chenye kifuniko cha kubonyeza ili watoto wasiweze, nikazimwaga kwenye mfuko wenye mabaki ya kahawa, nikautupa kwenye pipa. Mume wangu alisema samahani. Nikamwambia asiseme hivyo.

Usiku ule, Charlotte, miguu iliwaka kama kawaida. Nimeomba likizo nyingine ya siku nne mwezi wa kumi.