Tuta jipya la maua: kulima au kufunika?

Ukitaka kupanda wiki hii hii, shika jembe. Lima kina cha sentimita 20 hadi 30, ng'oa mizizi ya nyasi, changanya mboji. Tatizo ni kwamba jembe huibua mbegu za magugu zilizolala chini, na zikipata mwanga huota kwa fujo.

Mimi napenda kufunika, ingawa kunataka subira ya miezi kadhaa. Tandaza maboksi ya karatasi yaliyobanduliwa utepe wa plastiki juu ya nyasi, kingo zipandane, yaloweshe mpaka yalegee, kisha mwaga mboji sentimita 10. Nyasi hufa kwa kukosa mwanga, maboksi huoza, na nyungunyungu hulainisha udongo. Ila gugu la ndago hupenya hata hapo; lichimbue kwanza, pamoja na viazi vyake vidogo vyote vya chini ya ardhi.