TAHADHARI: Muuzaji wa vifaa vya naitrasi anayewalenga wenye magari ya michezo ya zamani Kampala

Ndugu wapenzi wa magari ya zamani, hasa mlioko Kampala, Entebbe na Jinja,

Kuna mtu anayezunguka kwenye gereji zetu akiuza anachokiita seti kamili ya naitrasi oksaidi, ile gesi ambayo vijana huiita nosi, kwa ahadi kwamba itaongeza nguvu farasi 100 kwenye injini yoyote bila injini yenyewe kufunguliwa. Hana duka wala risiti. Bei yake ni shilingi milioni 3 na nusu. Nusu hutaka itumwe kwa simu kabla hajaleta mzigo, na nusu nyingine apewe taslimu pale pale anapomaliza kufunga chupa. Ninaandika kama fundi wa injini, kwa sababu magari mawili aliyoyafungia vifaa hivyo yameishia kuvutwa hadi kwetu, na kwa sababu maneno anayoshawishia watu yamechanganywa na ukweli kiasi kwamba hata mtu mwenye uzoefu wa magari anaweza kuyakubali.

Ukweli anaoanza nao ni huu: Kampala iko takriban mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini yenye kabureta hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake hapa. Kutoka hapo anadai kuwa gesi yake inarudisha tu kile ambacho mwinuko umekichukua. Hilo si kweli. Datsun 240Z, ambayo ndiyo anayoiwinda zaidi, ilitangazwa na watengenezaji wake kuwa na nguvu farasi 151 kutoka injini ya sentimita za ujazo 2,393. Anayeongeza 100 juu ya hizo harudishi kitu kilichopotea, bali anaitwisha injini ya miaka 50 mzigo wa theluthi mbili zaidi ya ule iliyoundiwa.

Husema pia kwamba Datsun zilizoshinda Safari Rally zilikuwa na chupa kama yake. Wazee wetu wanazikumbuka mbio hizo, zilizoanza mwaka 1953 zikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na wanakumbuka kwamba 240Z ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Gari lile lilishinda kwa kustahimili matope na mawe siku baada ya siku, na ushindi wake haukuhusiana kabisa na gesi ya chupa.

Gari la kwanza kuletwa kwetu lilikuwa 240Z. Mwenyewe alieleza kwamba kwa wiki chache lilikwenda vizuri mno, kisha siku moja kwenye barabara kuu ya Entebbe likatoa moshi mweupe na kupoteza nguvu. Tulipoinua hedi, yaani kifuniko cha silinda, tulikuta gasketi imeungua kati ya silinda mbili, na pistoni ya silinda ya mwisho imeyeyuka ukingoni upande wa valvu ya ekzosi, mpaka ringi ya juu inaonekana kwa jicho. Vipande vya aluminiamu vilikuwa vimeganda kwenye ncha ya plagi kama vitone vya risasi. Sehemu ya kupachikia ringi ya pili ilikuwa imekatika. Kwa fundi, alama hizo zinatosha kueleza kilichotokea.

Naitrasi oksaidi yenyewe haiungui. Inapofikia joto la takriban nyuzi 300 ndani ya silinda huvunjika na kuachia oksijeni, ambayo ni kama asilimia 36 ya uzito wake, ilhali hewa ya kawaida ina takriban asilimia 23. Oksijeni hiyo ya ziada inadai petroli ya ziada, tena kwa kipimo sahihi na kwa wakati ule ule. Petroli isipoifikia, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, mafuta yanalipuka kabla ya zamu yake, na aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, inakuwa sehemu ya kwanza kushindwa. Pistoni za kiwandani za gari hili ni za kumiminwa kwenye kalibu, si zile imara zaidi za kufuliwa kama chuma cha mhunzi, na pampu yake ya petroli inayoendeshwa na injini iliundwa kujaza bakuli za kabureta tu, si kulisha mfumo wa pili. Muuzaji hakuipima pampu hiyo. Hakurudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, ingawa kanuni ya mafundi ni takriban digrii 2 kwa kila nguvu farasi 50 zinazoongezwa, wala hakubadilisha plagi kuweka za baridi zaidi, yaani zinazopoteza joto haraka. Jeti mbili zinazopima gesi na petroli, ambazo kwa kawaida huchongwa namba ili fundi ajue amefunga nini, zilikuwa zimepigwa tupa zikawa laini.

Alichofunga yeye ni swichi moja kwenye dashibodi. Hakukuwa na swichi ya akseleta inayozuia gesi isitoke mpaka pedali ikanyagwe hadi mwisho, na hakukuwa na kinga ya kuikata gesi pale petroli inapopungua. Dereva akiibonyeza swichi ya namna hiyo injini ikiwa inazunguka polepole, petroli na gesi hujikusanya ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini, na cheche moja ikirudi nyuma hulipua kila kitu chini ya boneti. Mwenye 240Z alipoteza pistoni na pesa. Angeweza kupoteza uso.

Gari la pili, Alfa Romeo ya miaka ya 1970, lilikuwa na kisa tofauti kabisa: kila swichi ilipobonyezwa, injini ilikohoa na kutaka kuzima. Chupa ilikuwa ya buluu yenye stika nzuri, lakini mahali ambapo mkanda wa kuifungia ulikuwa umeikwaruza, chini ya buluu palikuwa pekundu. Tuliitoa nje, tukafungua valvu kidogo sana na kuweka kijiti chenye kaa la moto mbele ya gesi. Naitrasi oksaidi hulichochea kaa hilo likawaka upya, kama oksijeni inavyofanya. Letu lilizimika papo hapo. Ilikuwa chupa ya kuzimia moto, na kaboni dayoksaidi yake ikiwa bado ndani. Naomba radhi kwa wenye gari, lakini fundi wetu mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu chupa zenyewe, msione ni jambo dogo. Chupa halali ina mihuri iliyopigwa kwenye bega lake: namba, mgandamizo inaoruhusiwa, na tarehe ya kupimwa. Marekani, kwa mfano, hutaka chupa za aina hii zipimwe upya kila baada ya miaka 5. Zote mbili tulizoziona zilikuwa zimezibwa mihuri kwa rangi nzito. Kwenye nyuzi 20 tu, gesi hii hukaa chupani ikiwa na mgandamizo wa zaidi ya mara 20 ya upepo wa tairi la gari dogo, na ikipita nyuzi 36.4 haiwezi tena kubaki kimiminika, hivyo chupa iliyojazwa kupita kiasi mgandamizo wake hupanda kwa kasi ya kutisha. Buti la gari lililoegeshwa juani mchana hufikia joto hilo bila taabu. Muuzaji huwaambia wateja kwamba gesi ikilegea wapashe chupa moto kwa moto wa gesi ya kuchomelea. Msifanye hivyo kamwe.

Ambaye ameshanunua asiibonyeze swichi tena. Afunge valvu ya chupa, akate waya wa swichi kwenye betri, kisha aiweke chupa kivulini, mahali penye hewa na mbali na mafuta ya grisi, bila kuifungulia ndani ya chumba, kwa sababu gesi hii hospitalini hutumika kama nusukaputi na ikijaa chumbani huondoa hewa ya kupumua. Asimuuzie mtu mwingine ili kurudisha pesa zake. Chupa isiyo na mihuri ni ushahidi, kwa hiyo ipigwe picha kabla ya kukwaruzwa, na malalamiko yafikishwe polisi na kwa shirika la taifa la viwango, UNBS.

Namba yake ya simu siiandiki kwa kuwa huibadilisha baada ya kila mauzo. Wateja hawa wawili walipewa namba mbili tofauti zenye majina mawili tofauti. Ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu yako usiufute, maana jina lililosajiliwa hapo ndilo polisi watakaloanza nalo.