Tangi jipya la samaki: amonia ya chupa au kamba mbichi?

Maji ya tangi jipya yanaweza kung'aa na bado yakaua samaki. Kinachokosekana ni bakteria wa kwenye filta: kundi moja hugeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu; jingine hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Ili waongezeke kabla hujaleta samaki, lazima uwalishe amonia.

Amonia ya chupa inapimika. Unatia hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Siku dozi hiyo ikiisha ndani ya saa 24, na naitraiti nayo ikawa sifuri, tangi limeiva. Kazi ni kuipata iliyo safi, maana nyingi za usafi wa nyumbani zina sabuni au manukato. Tikisa chupa: povu likikaa, irudishe rafuni.

Kamba mbichi wako sokoni. Mmoja unamfunga kwenye kipande cha soksi nyembamba, unamtumbukiza, anaoza na kutoa amonia. Hapo ndipo ninapochoka: siku chache tu maji yana ukungu mweupe, sebule inanuka kama ndoo ya mchuuzi jioni, na amonia inapanda inavyotaka yenyewe.

Mimi nachukua chupa. Asiyeipata atumie kamba, ila apime mara kwa mara na amtoe kamba huyo amonia ikizidi miligramu 4 kwa lita. Njia yoyote, ondoa klorini kwenye maji ya bomba, weka joto nyuzi 26 hadi 28, na utarajie wiki 4 hadi 6. Kisha badilisha sehemu kubwa ya maji ndipo ulete samaki, wachache kwanza.