Barakoa ya mpira yenye vichujio viwili: tathmini kwa watu wa karasha
Kwa anayesaga mawe ya dhahabu kwenye karasha, barakoa ya mpira yenye vichujio viwili vya daraja la P100 inastahili bei yake, ingawa si ndogo. Kichujio cha daraja hilo huzuia angalau asilimia 99.97 ya chembe kinapopimwa, ilhali kitambaa cha kujifunga usoni hunasa hasa vumbi kubwa linaloonekana, wakati chembe za silika (madini yanayounda jiwe la kwatzi) zinazofika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni ndogo mno kuonekana kwa macho.

Jiwe la kwatzi linapopasuliwa, uso mpya wa chembe hubaki na radikali huru, yaani sehemu za kikemia zisizotulia, ambazo zikikutana na unyevu, huzalisha molekuli kali za oksijeni. Ndiyo maana vumbi linalotoka karashani muda huohuo huwa na madhara kuliko lililolala siku nyingi. Seli za ulinzi za mapafu huzimeza chembe hizo, hushindwa kuziyeyusha, hutoa molekuli kali zaidi, kisha hufa na kuziacha chembe zilezile zimezwe na seli nyingine. Hali hiyo huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na makovu yanayotokana nayo ndiyo silikosisi, ugonjwa usioponyeka ambao pia huongeza hatari ya kupata kifua kikuu.

Kwa hiyo sikuelewa kwa nini muuzaji aliniwekea pembeni chupa ya vidonge vya "kusafisha mapafu". Hakuna kidonge kinachoitoa silika iliyokwisha kuingia, na yale maziwa tunayoshauriana kunywa baada ya zamu huenda tumboni, si kifuani.

Kasoro zipo. Mpira hutunza joto, jasho hujikusanya kidevuni, na ndevu za siku chache tu hutosha kuachia upenyo. Kabla ya kuanza kazi, funika vichujio kwa viganja na uvute pumzi: barakoa isiponywea kidogo kuelekea usoni, inavuja. Kichujio kikiziba, kibadilishwe. Kukipuliza kwa kompresa hukiharibu.

Vichujio hivi havizuii mvuke wa zebaki. Anayechoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki anahitaji vya aina nyingine, jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi nililonunua hayakulitaja kabisa.