Darasa la dansi la Alhamisi, Shangani, Mtwara: nyota 4 kati ya 5

Nimehudhuria tangu msimu wa korosho uliopita, kwa hiyo ninachoandika nimekijua kwa miguu yangu. Mimi ni fundi cherehani, Chikongola. Siku ya kwanza nilipeleka gauni la mteja tu. Nikasimama mlangoni kutazama, mwalimu akanivuta mkono.

Nimekulia kwenye sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde. Huko kila mtu na kiuno chake, ngoma ndiyo inayokuamuru. Hapa unashikwa: kiganja cha mwenzio kinatulia mgongoni, chini kidogo ya bega, na hapo ndipo unapojulia kama mguu unarudi nyuma au unakwenda mbele. Wiki tatu nilikuwa nakisia, naondoka kabla sijapelekwa. Mwalimu hakunikaripia. Alinifumbisha macho akasema, "Dada, msubiri." Usiku ule ndipo nilipocheza kweli.

Tunajifunza salsa (moja-mbili-tatu, tano-sita-saba, ya nne na ya nane unatulia), kizomba na rumba. Kizomba ni ya Waangola, ilishika miaka ya 1980 kwa kuchanganya semba yao na zouk ya visiwa vya Karibi. Kwa Kikimbundu neno lenyewe maana yake ni sherehe. Rumba ya Kongo tunaicheza taratibu, lakini wazee hawaondoki bila kuwekewa Msondo au Sikinde, bendi za dansi za hapa Tanzania, na mwalimu hawanyimi. Nyimbo zile mwanzoni mnashikana. Chemko, ile sehemu ya kasi, likianza mnaachana, kila mtu aonyeshe yake. Hapo sindimba yangu inarudi na ukumbi mzima unapiga vigelegele.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote: wimbo ukiisha, unabadilisha mwenzio. Hakuna wa kukumiliki, na hakuna anayeachwa kwenye kiti kwa kuwa ni mzee au mnene. Nimecheza na dereva wa bajaji, na kijana wa chuo cha ualimu, na mvuvi mmoja wa Mikindani ambaye kidole chake cha shahada hakikunjiki. Babu huyo haongei. Anaongoza kwa kiganja tu, polepole kama anayepitisha ngalawa kwenye maji haba, na sijawahi kukosea hatua nikiwa naye.

Mama yangu alifariki mwezi wa tatu. Nilikuwa nimeketi mkekani, khanga imenifunika uso, watu wanapita kunipa mkono wa pole. Mikono mingi sikujua ya nani. Ukaja mmoja, kidole kimenyooka. Nikajua kabla sijainua kichwa. Nyuma yake walikuwa wenzangu wa darasani, kumi na mmoja, wamechangishana mchele na sukari. Wengine majina yao nilikuwa bado siyajui.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya sakafu. Ni saruji yenye mikwaruzo, na kiatu cha raba kinanata: mwili unageuka, mguu unabaki, goti ndilo linaloumia. Langu liliuma siku nne. Siku hizi wanamwaga poda kidogo, inasaidia, ila sakafu yenyewe wangeipiga niru ikawa laini, ingekuwa jambo la maana. Wanaume pia ni wachache. Kwa kuwasubiri sana nikajifunza kuongoza, na sasa wageni wa kike wengi wanaanzia mikononi mwangu.

Ada ni shilingi 3,000, siku ya kwanza bure. Wanaanza saa kumi na mbili na nusu jioni, wanamaliza saa tatu, na wenye bajaji hawamwachi mtu barabarani peke yake. Vaa soli ya ngozi. Ukija hujui hata hatua moja, uliza fundi wa Chikongola, utaonyeshwa nilipo.