Seti ya spea za kabureta na pampu ya mafuta kwa injini ya boti ya zamani: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: seti ni nzuri na viwambo vyake (vile vipande vyembamba vinavyotikisika ndani ya pampu) ni imara, nimeipa nyota nne kati ya tano. Lakini usiagize kabla hujajua ugonjwa uko upande gani wa pampu ya mkono, kile kibofu cha mpira kilicho kati ya tangi na injini. Nimeona watu wakibadilisha kila kitu kilichomo kwenye pakiti, na boti ikaendelea kuzimika vilevile, kwa sababu mpira wa mafuta uliokuwa ukivuta hewa haukuguswa.

Injini yangu ni farasi 15, stroku mbili, silinda mbili, kabureta moja, ya zamani kiasi kwamba maandishi kwenye kava yamefutika. Ilikuwa inawaka vizuri na kukaa sailensa (kunguruma polepole bila kuongezewa mafuta) bila kutetereka. Ukifungua mafuta hadi mwisho, inakwenda kidogo, inaanza kumisi, inaishiwa nguvu na kuzima. Ukiipumzisha, inawaka tena kana kwamba haijawahi kuugua. Cheche za plagi zilikuwa kali na kompresheni ya silinda zote mbili ilikaribiana, basi kikabaki kitu kimoja cha kushuku: mafuta.

Kipimo kilichonipa mwanga hakihitaji hata bisibisi. Mmoja anashika usukani, mwingine anasubiri injini ianze kufa, kisha anabonyeza kibofu cha pampu ya mkono. Ikifufuka kila unapobonyeza, mafuta hayafiki ya kutosha kwenye kabureta. Isipofufuka, na cheche ni nzima, shuku jeti kubwa (kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta), maana hapo bakuli la kabureta limejaa na kubonyeza hakuongezi kitu.

Wakati huohuo tazama kibofu chenyewe. Kikinywea na kubaki bapa, kuna kizuizi upande wa tangi: tundu la hewa kwenye kifuniko limefungwa, chujio la ndani limejaa uchafu, au mpira umeoza kwa ndani. Hili la mwisho limewasumbua wengi. Utando wa ndani hubanduka na kuziba njia kila mafuta yanapovutwa kwa kasi, huku kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa. Petroli yenye ethanoli huharakisha uozo huo kwenye mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kuihimili. Kibofu kikibaki laini hata ubonyeze vipi, ama vali zake zimechoka, ama hewa inaingia mahali. Usitegemee kuona petroli ikidondoka ndipo uamini kuna tundu: upande wa kuvuta, ufa mdogo huingiza hewa bila kutoa hata tone. Mimi niliunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani, karibu na pampu ya injini, nikatafuta mapovu.

Kwangu hapakuwa na mapovu, na kibofu kilikuwa kigumu, hakikunywea. Nilijaribu hata tangi jingine pamoja na mpira wake, hali ikawa ileile. Lakini kila nikibonyeza, injini inafufuka. Hapo ndipo nilipoagiza seti.

Pampu ya injini hizi haina umeme wala gia. Mapigo ya shinikizo kutoka chini ya pistoni hutikisa kiwambo chembamba, na vali mbili ndogo huyapeleka mafuta mbele yasirudi nyuma. Kiwambo kikikakamaa, bado kinaweza kulisha sailensa. Mzigo ukija kinashindwa. Changu kilikuwa kimekauka na kujikunja kingo. Hakikuwa kimetoboka, na hiyo ni nafuu, kwa sababu kikitoboka petroli huvutwa moja kwa moja ndani ya injini kupitia njia ya mapigo, plagi zikalowa na moshi ukazidi.

Ndani ya pakiti kuna viwambo, gasketi, sindano ya boya (inayofunga mafuta bakuli likijaa) na kiti chake, na kipete cha bakuli. Viwambo ni laini na matundu yake yalikaa sawasawa. Sindano ilifunga vizuri. Nyota moja imeondoka kwa mambo mawili. Gasketi moja ya pampu ilikuwa imeziba nusu ya tundu la mapigo. Ningeifunga ilivyo, pampu mpya ingekuwa dhaifu kuliko ya zamani. Linganisha kila gasketi na ile uliyoitoa kabla hujaitupa. Pili, karatasi ya maelekezo haisemi chochote kuhusu kimo cha boya. Itabidi ukitafute kwenye kitabu cha injini yako.

Jeti hazimo, na mara nyingi hutahitaji mpya. Za kwangu zilikuwa na utando wa kahawia, masalio ya petroli iliyokaa muda mrefu. Dawa ya kupulizia kabureta na upepo wa kompresa vilitosha. Usichokonoe kwa waya wa chuma. Ukipanua tundu hata kidogo, kipimo cha mafuta kimeharibika.

Wanaoendesha huku wakibonyeza pampu ya mkono ili wafike, nawaonea huruma. Stroku mbili ya kuchanganya hupata oili kupitia petroli hiyohiyo, yangu kwa uwiano wa 50:1, yaani nusu lita kwa lita 25. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, tena injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa. Ndivyo pistoni zinavyoungua na injini kunoki. Punguza kasi, urudi polepole.

Baada ya kufunga, inavuta hadi mwisho na kubaki hapo, pampu ya mkono haiguswi tena baada ya kuwasha. Ukiagiza, ongeza vipete vya mpira vya kiunganishi cha mafuta, ambavyo seti hii haina na ambavyo kwenye injini za zamani ndivyo hupitisha hewa mapema. Ongeza na mpira mpya na klipu zake. Na kabla ya kurudisha kava, bonyeza pampu ya mkono hadi iwe ngumu, uangalie kabureta kwa muda, injini ikiwa imezimwa na moto uko mbali. Petroli ikifurika, sindano haijakaa au boya liko juu mno, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa bado nchi kavu.