Programu ya safari inayovuka mpaka: uzoefu wangu kati ya Trier, Schengen na Metz

Naishi Trier, Ujerumani, na kazi yangu iko Luxembourg. Tuko wengi: wafanyakazi zaidi ya 200,000 huingia Luxembourg wakitokea Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji. Kwa mtu wa namna hii, programu ya kupanga safari ni kitu cha kila siku. Zamani nilikuwa nafungua mbili kwa mpigo, ya huku na ya kule, halafu nabaki kujumlisha saa kichwani. Sasa natumia moja tu, ile iliyounganishwa na mifumo ya majirani, na kama unaishi mpakani nakushauri ufanye hivyo hivyo. Ina kasoro zake, nitazisema.

Ukitaka kuipima programu ya aina hii, usiiulize habari za miji mikubwa. Treni ya Trier kwenda Luxembourg mjini kila programu inaijua. Iulize kijiji.

Sisi tuliiuliza Schengen. Mama mdogo alikuja kututembelea kutoka Tanga, na baada ya kuhangaika na makaratasi ya viza ya Schengen alisema haondoki Ulaya bila kuiona hiyo Schengen yenyewe. Ni kijiji kidogo cha Luxembourg kando ya mto Moselle. Mkataba wa Schengen, ule wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka ya nchi wanachama, ulitiwa saini pale tarehe 14 Juni 1985, ndani ya meli iliyoitwa Princesse Marie-Astrid.

Programu moja isiyounganishwa ilitupeleka hadi Luxembourg mjini, ndipo tupande basi la kurudi tena mashariki kuelekea mtoni. Yaani tuzunguke nchi nzima. Iliyounganishwa ilitoa jibu la mstari mmoja: treni ya RB82 kutoka Trier hadi Perl, kisha tembea. Perl iko Ujerumani, Schengen iko ng'ambo ya mto, na katikati kuna daraja. Mfumo unaojua Luxembourg peke yake hauwezi kukupa njia hiyo, kwa sababu kituo cha Perl kwake hakipo. Unaojua Ujerumani peke yake utakufikisha Perl na kukuacha hapo.

Tulishuka Perl, tukateremka taratibu hadi darajani. Mama mdogo akasimama katikati, akatazama huku na huku. "Mwanangu, uhamiaji wako wapi?" Kwa mtu aliyezoea Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ilikuwa vigumu kuamini kwamba tumeshavuka. Nikamwonyesha na upande wa Apach, ambako tayari ni Ufaransa.

Hili linawezekanaje? Nyuma ya programu kadhaa za eneo hili, zikiwemo za Luxembourg na za Saarland, jimbo la Ujerumani, kuna mtandao unaoitwa EU-Spirit. Ulianza kama mradi wa Umoja wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990, na unaratibiwa na VBB, shirika la usafiri wa umma la Berlin na Brandenburg. Hakuna ghala moja kubwa linalokusanya ratiba za nchi zote. Kila mkoa unabaki na ratiba zake. Ukiuliza safari ya kuvuka, mfumo wako unatafuta vituo vya kupokezana vilivyoko mpakani, unakokotoa kipande chake, unauomba mfumo wa jirani ukokotoe cha kwake, kisha vipande vinaungwa na wewe unaona safari moja. Ni kama mpiga debe wa Horohoro anayempigia simu mwenzake wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, kabla hajakujibu.

Faida yake niliiona zaidi siku za sikukuu. Tarehe 23 Juni ni sikukuu ya taifa Luxembourg, lakini Ujerumani ni siku ya kazi kama kawaida. Tarehe 3 Oktoba mambo yanageuka: Wajerumani wamepumzika, Luxembourg wako kazini. Mwenye ratiba ndiye anayejua sikukuu zake, kwa hiyo jibu linakuja sahihi pande zote mbili. Programu nyingine niliyowahi kuitegemea, inayonakili ratiba za watu, iliniahidi basi ambalo siku hiyo halikuwa barabarani, na nikachelewa kazini.

Sasa kasoro. Nauli ndiyo inayonikera kuliko yote. Njia inapatikana vizuri, lakini ukiuliza safari nzima inagharimu kiasi gani, sehemu ya bei mara nyingi ni tupu. Na huku nauli ndiyo yenye utata. Luxembourg usafiri wa umma ni bure tangu tarehe 29 Februari 2020, isipokuwa daraja la kwanza. Upande wa Ujerumani nina Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima. Lakini nikienda Metz kwa shemeji, bure inaishia mpakani, na kile kipande cha kupitia Thionville kinahitaji tiketi ya Ufaransa. Mgeni atajuaje, kama programu imekaa kimya? Faini ya kukosa tiketi haijali ugeni.

Taarifa za kuchelewa nazo hazivuki mpaka kwa uhakika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017, namba 2017/1926, inawataka watoa taarifa za safari wapeane majibu ya njia wakiombwa, lakini taarifa za papo hapo zimewekwa pale inapowezekana tu. Matokeo yake ninayaona kwenye simu: treni imechelewa upande mmoja, na kipande cha pili bado kinasema utaliwahi basi. Ningependa hili lishughulikiwe kabla ya pambo lolote jipya.

Kwa anayetokea Koblenz: treni yenu hukatwa vipande viwili Trier. Kimoja kinaendelea Luxembourg, kingine Saarbrücken na Mannheim. Programu itakuambia usibadilishe treni, na ni kweli, lakini hakikisha uko kwenye behewa la Luxembourg. Soma kibao cha mlangoni.

Na tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Polisi wanaweza kuingia ndani ya treni, na hilo halimo kwenye ratiba yoyote, kwa hiyo pasipoti au kibali cha ukaazi kiwe mfukoni hata kama unakwenda Perl tu.